Kuzunguka Manda kwa Siku Moja

Mtu asimamaye gatini Lamu na kutazama mashariki huona, ng'ambo ya mlango wa maji, kisiwa cha chini kilichozungukwa na mikoko. Hicho ndicho kisiwa cha Manda. Wasafiri wengi hukifahamu kwa jambo moja tu, yaani uwanja wa ndege. Hushuka hapo, hupanda mashua, huvuka mpaka mjini, wala hawageuki tena kukitazama. Walakini Manda ina upande wa bahari kuu upigwao na mawimbi mwaka mzima. Ina magofu ya miji miwili ya kale. Ina ghuba pana upande wa kaskazini. Na kati yake na bara kuna njia nyembamba ya mikoko iitwayo Mkanda. Kuzunguka kisiwa chote ni mwendo wa yapata maili 20, ukifuata mikunjo ya pwani.

Miaka michache kabla ya 2021, marafiki wanne walikusudia kukizunguka kwa siku moja, tangu alfajiri hata magharibi, kila mtu katika chombo chake na kwa nguvu za mikono yake. Walichagua mwezi wa Novemba, wakati kusi imekwisha na kaskazi haijashika, ambapo asubuhi bahari huwa imetulia na upepo mdogo huamka baada ya adhuhuri.

Vyombo vyao havikuwa ngalawa wala hori, bali ni vile viitwavyo kayaki. Asili ya kayaki si pwani yetu. Wainuit wa Greenland na wa kaskazini ya Marekani ndio walioibuni tangu zamani sana, ili wawinde wanyama wa baharini katika maji ya barafu. Walitengeneza mbavu zake kwa mifupa na kwa miti iliyoletwa ufuoni na mawimbi, kisha wakazifunika kwa ngozi. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki. Chombo chenyewe ni chembamba sana, upana wake ni kama futi mbili na urefu wake futi 16 hivi, na mtu huketi ndani yake miguu ameinyosha mbele. Kafi yake ina bapa huku na huku, hivyo mpigaji hutia maji kulia na kushoto bila kubadili mikono. Ngalawa husimamishwa na matengo yake; kayaki haina matengo, na kinachoisimamisha ni mwili wa mtu aliye ndani. Mtu akiwa mzima, chombo ni kizima. Mtu akilegea, chombo hulegea pamoja naye. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana ndilo lililotaka kuiharibu safari.

Wa kwanza katika hao wanne alikuwa mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa kando ya Ziwa Victoria, mtu wa miraba minne, aliyeshika kafi tangu utoto wake. Alikuwa amefundisha Lamu miaka sita, na barua ya uhamisho ilikuwa imekwisha kumfikia. Mwaka mpya ungemkuta katika shule ya bara. Safari hii ilikuwa ya kuagana naye. Wa pili alikuwa muuguzi wa hospitali, Mtaita mwenye maneno machache. Wa tatu alikuwa karani wa posta kutoka Machakos, mwembamba, ambaye alikuwa amejifunza kuogelea akiwa mtu mzima na ambaye hakupata kuisahau hofu yake ya maji. Wa nne alikuwa kijana wa Shela, kazi yake kuwachukua wageni baharini. Alikuwa mdogo wa wote kwa umri, lakini wenzake walimwita Nahodha, na katika mambo ya bahari walimtii.

Usiku wa kuamkia safari walikutana barazani kwa Nahodha, wakashauriana. Kijana aliwaeleza kwamba safari hiyo haiendeshwi na mikono bali na maji. Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi huyavuta kwa pamoja, nayo hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mwendo wake huwa mdogo, nayo huitwa maji mafu. Siku waliyoichagua ilikuwa ya bamvua. Maji yangejaa kabla ya mapambazuko, yangepwa mpaka karibu na saa 5 ya asubuhi, kisha yangejaa tena hata saa 11 kasorobo jioni.

"Basi tutatoka pamoja na maji yanayopwa," alisema Nahodha, "yatutoe katika mlango wa Shela mpaka bahari kuu. Yakianza kujaa tuwe tumefika Manda Toto, yatuingize ghubani. Saa 10 tuwe mdomoni mwa Mkanda, tupite maji yakiwa makubwa. Tukichelewa, maji yatatukimbia, na usiku utatukuta mikokoni."

Kisha akaweka masharti matatu. La kwanza, mtu asitangulie wenzake mbali kuliko sauti inavyoweza kufika. La pili, kila nusu saa wote wasimame wanywe maji, mwenye kiu na asiye na kiu. La tatu, mtu akihisi vibaya aseme papo hapo, hata likiwa jambo dogo.

Karani alinyosha mkono kama mtoto wa shule. "Mimi nianze kusema sasa," akasema. "Naogopa. Kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Mkiniona nimenyamaza sana, jueni kuwa nimeshikwa na hofu."

Mwalimu alicheka, ingawa si kwa ubaya, akampiga bega. "Usijali, ndugu yangu," akasema. "Mimi nimekulia majini. Ziwa letu lina dhoruba zake. Ukichoka nitakuvuta."

Nahodha hakucheka. Alimwambia kwa adabu, "Niwie radhi, Mwalimu. Ziwa lina dhoruba kweli, lakini halina kujaa na kupwa. Huko mtu akichoka hukaa akangoja. Hapa maji hayamngoji mtu."

Saa 12 ya asubuhi, mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela uliojengwa 1829 ukiwa bado mweusi mbele ya mbingu nyekundu, walisukuma vyombo vyao majini. Kila mtu alivaa jaketi ya kuelea. Ndani ya vyombo mlikuwa na mikate ya mofa, tende, ndizi na kamba ndefu, pamoja na lita tatu za maji kwa kila mtu. Simu moja ilifungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Habari ya safari na saa ya kurudi waliiacha kwa wenye mashua wa Shela, kwa sharti kwamba giza likiingia bila wao kuonekana, watu watoke kuwatafuta.

Pwani hiyo ya Shela yenyewe ina habari ya maji kupwa. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate, likisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, lilishuka hapo ili kuishinda Lamu. Watu wa Lamu walilipiga jeshi hilo, nalo likarudi mbio pwani lipande vyombo likimbie. Husimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekwisha kupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga, na hapo ndipo walipouawa wengi. Baada ya vita hivyo watu wa Lamu, wakiogopa kisasi, walitaka ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Hivyo historia ya mji mzima iligeuka, na saa ya maji ilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Jeshi lile lilikuwa kubwa. Lililolikosa ni hesabu ya maji.

Mkondo uliwachukua wale wanne upesi. Kulia kwao palinyooka vichuguu vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na ndivyo vinavyoupa mji wa Lamu maji yake ya kunywa. Kushoto ilikuwa Ras Kitau, ncha ya Manda. Walipoipita waligeuza omo kaskazini-mashariki, na mara bahari ikabadilika. Mawimbi ya bahari kuu hayakuwa makali siku ile, lakini yalikuwa marefu. Yaliviinua vyombo polepole hata mtu akaona Manda yote, kisha yakavishusha hata asione ila maji. Upande wa kushoto mwamba ulikuwa ukinguruma, na povu lake jeupe lilifuatana na kisiwa mbali kadiri jicho lilivyoweza kufika.

Mwanzo huo ulimwogofya karani kupita kiasi. Alinyamaza. Muuguzi, akikumbuka maneno ya jana, alisogea kando yake akamwuliza, "Umeshikwa?" Karani akaitikia kwa kichwa. Basi muuguzi akawa anampigia hesabu, moja, mbili, moja, mbili, nao wakaenda sawasawa kwa hesabu hiyo. Baada ya saa nzima karani aliinua uso, akaanza kusema habari za ndege wa baharini waliokuwa wakipita, na wote wakajua kwamba hofu imempungukia.

Mwalimu alikuwa mbele. Kafi lake lilizama na kutoka kama mashine, na mara mbili Nahodha alimwita apunguze. Mara ya kwanza alingoja. Mara ya pili alipunga mkono, akaendelea. Waliposimama kunywa, alishika chupa yake, akaigusisha midomo, akairudisha. Kofia alikuwa ameivua kwa sababu ilimsumbua.

Yapata saa 3 walikuwa wamelingana na Takwa. Kutoka baharini magofu yenyewe hayaonekani vema, lakini Nahodha aliwaonyesha mahali yalipo, nyuma ya ufuo na miti. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta wa mawe, ukastawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake mkubwa una nguzo juu ya kibla, na karibu nao lipo kaburi lenye nguzo, ambalo lina tarehe ya 1094 kwa hesabu ya Hijra, yaani 1682 au 1683. Mwaka 1951 James Kirkman alianza kuyachimba magofu hayo. Husemwa kwamba visima vyake viliingiwa na chumvi, na wenyeji wakavuka kwenda Shela kwenye maji matamu ya vichuguu. Watu wa Shela hawakulisahau kaburi hilo. Wamekuwa wakirudi kuomba mvua mbele yake.

"Tushuke tukapumzike," alisema Mwalimu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba, bali ya mtu anayependekeza matembezi.

Nahodha aliutazama mwamba. Maji yalikuwa yamepungua sana, na mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mawe makavu. "Haiwezekani, Mwalimu," akajibu. "Saa hii mwamba utatupasua. Upande huu hakuna mlango mpaka Manda Toto. Je, umechoka?"

Kwa swali hilo moja safari yote ilisimama, ingawa hakuna aliyelijua. Kama Mwalimu angalisema ndiyo, wangalifanya mambo mengi. Wangalipumzika hapo hapo vyombo vikiwa vimeshikana. Wangalimtia maji kichwani na kumlazimisha anywe. Au wangaligeuka nyuma, maana kutoka hapo hadi Ras Kitau si mbali. Lakini Mwalimu aliwatazama wenzake watatu, waliotoka usingizini usiku kwa ajili yake, akamwona yule karani aliyeogopa naye sasa anatabasamu, akasema, "Sijachoka. Twendeni."

Walifika Manda Toto karibu na saa 5, maji yakiwa yamepwa kabisa. Manda Toto ni kisiwa kidogo kilichokaa kaskazini-mashariki ya Manda kama mtoto kando ya mama yake, na ndiyo sababu ya jina lake. Maji yake ni meupe, na chini huonekana matumbawe na samaki wa rangi nyingi. Walivuta vyombo mchangani, wakala mikate na tende kivulini. Mwalimu hakula. Alisema alishiba kabla ya kuondoka. Akaenda nyuma ya miti, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Muuguzi alimtazama, akataka kusema neno, akalizuia. Maana Mwalimu alikuwa mkubwa wao, na siku ilikuwa yake. Baadaye muuguzi huyo alikiri kwamba hapo naye alikosa, tena kwa kazi yake alikosa kuliko wote.

Nahodha aliposali adhuhuri na maji yalipoanza kupanda mchangani, waliingia ghubani. Saa zilikuwa 7. Ghuba ya Manda ni pana na ina kina kirefu, na ng'ambo yake upande wa Magogoni wakati huo kazi ya kujenga bandari mpya ya Lamu ilikuwa ikiendelea, ile iliyopokea meli zake za kwanza tarehe 20 Mei 2021. Nahodha aliwaamuru wasiende mbali na kisiwa, wasije wakaingia katika njia ya vyombo vikubwa.

Upepo wa mchana uliamka nyuma yao. Mtu wa tanga angaliufurahia, lakini kwa kayaki upepo wa nyuma una hila. Wimbi hukishika chombo kwa tezi, hukisukuma, kisha hutaka kukigeuza ubavu; na mpigaji asipokuwa mwepesi wa kiuno na kafi, hupinduka. Kazi hiyo haitaki nguvu nyingi, bali yataka akili iliyo macho.

Kufika saa 8 Mwalimu, aliyekuwa akitangulia tangu asubuhi, alikuwa wa mwisho. Karani ndiye aliyegeuka nyuma akaona kwamba kafi lake limelala juu ya mapaja. Alipoita, wimbi lilikigeuza chombo cha Mwalimu ubavu, nacho kikapinduka taratibu kama gogo.

Jaketi ilimleta juu mara moja. Lakini yule aliyekulia majini hakuogelea. Alikishika chombo chake kwa mikono miwili na kukiangalia kama mtu asiyejua ni kitu gani. Nahodha alifika kwanza, akamwambia asikiachilie. Muuguzi alisogeza chombo chake kikalala sambamba na cha Nahodha, wakashikana imara. Wakaiinua omo ya kile kilichopinduka mpaka maji mengi yakamwagika, wakakipindua juu, kisha wakakibana katikati huku Mwalimu akijivuta tumbo juu yake kama samaki, mpaka akaingia. Karani alikusanya kafi na kofia zilizokuwa zikielea, akabaki kando akitetemeka, lakini hakuondoka. Halafu akatumia upo kutoa maji yaliyobaki.

"Tangu lini?" aliuliza muuguzi.

Mwalimu alikawia kujibu. "Tangu Takwa," akasema. "Kichwa kinanigonga. Nimetapika kule kisiwani. Mikono siisikii vizuri. Sikutaka kuwaharibia siku."

"Siku ilikuwa yako, ndugu yangu," alisema muuguzi, "lakini roho ni zetu sote." Hakusema zaidi. Alimpa maji kidogo kidogo, akamlowesha kichwa na shingo, akamvika kofia. Lilikuwa jua pamoja na ukosefu wa maji mwilini, na bahari nayo ilikuwa imemlevya.

Hapo Nahodha alifanya hesabu. Walikuwa wamebakiza zaidi ya maili tatu mpaka mdomo wa Mkanda. Mgonjwa hakuweza kupiga kafi, wala hakufaa kuachwa peke yake katika chombo kinachoyumba. Akaamua kumfungasa, yaani kumvuta kwa kamba. Mtu mmoja angevuta, mwingine angekuwa ubavuni mwa mgonjwa akikishika chombo kisipinduke, na wangepokezana.

Kamba ya kwanza alipewa karani. Mwenyewe alishangaa. Nahodha akamweleza sababu mbele ya wote: "Wewe umekunywa kila tuliposimama, umekula, umetwambia habari yako tangu jana. Wewe najua ulipofika. Wewe vuta."

Basi yule mwembamba aliyeogopa maji alimvuta yule wa miraba minne, akijihesabia kwa sauti ya chini, moja, mbili, moja, mbili. Mwendo ulikuwa wa kobe. Mwalimu alikaa ameinamisha kichwa, na mara kwa mara alinywa alipoambiwa anywe. Baada ya saa moja alianza kuwaomba radhi, na muuguzi akamwambia anyamaze, apumue.

Saa 10 na nusu walifika kwenye magofu ya mji wa Manda, katika pembe ya kaskazini-magharibi. Huu ni mji mkongwe kuliko Takwa kwa miaka mingi. Neville Chittick aliyechimba hapo kuanzia 1966 aligundua kwamba watu walikaa na kufanya biashara ya ng'ambo tangu karne ya 9, na kwamba walijenga kuta za mawe makubwa ya matumbawe kuizuia bahari isile mji wao. Leo hapo ni vichaka na mibuyu. Kwa mpango wa asubuhi wangalizitazama kuta hizo saa nzima. Sasa hawakuwa na nafasi ila ya kusimama kidogo, Mwalimu apewe tende na maji, na shauri lifanywe.

Shauri lilikuwa hili. Maji yangesimama baada ya dakika chache, kisha yangeanza kutoka. Waingie Mkanda sasa, au wakae hapo, wapige simu Shela iletwe mashua ya injini? Nahodha alimgeukia Mwalimu. "Mwalimu, nakuuliza tena kama nilivyokuuliza Takwa. Waweza?"

Safari hii Mwalimu hakutazama nyuso za wenzake. Alifumba macho, akafikiri kama mtu atafutaye kitu mfukoni. "Kupiga kafi siwezi," akasema. "Kukaa sawa bila kushikwa naweza, kwa saa moja. Zaidi ya hapo sijui."

"Yatosha," alisema Nahodha. Alipiga simu Shela, akaomba mashua moja ije iwangojee mdomo wa kusini wa Mkanda. Kisha wakaingia.

Mkanda ni kama kichochoro cha Lamu, ila kuta zake ni mikoko. Mizizi yake hushuka majini kama vidole, na mahali pengine njia hukaza hata wenye mashua ziendazo Pate hutazama saa kabla ya kuingia. Upepo haukufika humo. Walisikia matone ya kafi na mlio wa kaa matopeni, basi. Kamba ilikuwa kwa muuguzi, na Mwalimu aliiegesha mikono yake ubavuni mwa chombo, akijisawazisha mwenyewe. Katikati ya njia waliona alama nyeusi ya unyevu juu ya mizizi, upana wa kiganja, na Nahodha akawaonyesha bila kusema. Maji yalikuwa yameanza kupungua. Walizidisha mwendo. Mara mbili chombo cha karani kiligusa tope, akajisukuma kwa bapa la kafi, akaendelea. Hakuna aliyesimama tena mpaka njia ilipopanuka na taa za Lamu zikaonekana mbali, na mashua ya Shela ikiwa imetulia inawangoja.

Walimpandisha Mwalimu katika mashua hiyo. Hakukataa. Wale watatu walimaliza sehemu iliyobaki kwa kafi, mkondo wa kupwa sasa ukiwasaidia kuelekea mjini, wakafika gatini adhana ya magharibi imekwisha kitambo. Mwalimu alikuwa ameketi ukutani akiwangoja, blanketi mabegani na kikombe cha chai mkononi. Walipopanda ngazi alisimama, akamshika karani mkono kwa mikono yake miwili.

"Jana nilikuambia ukichoka nitakuvuta," akasema.

"Nami sikukukataza," karani akajibu, na wote wakacheka, Mwalimu kuliko wengine.

Siku chache baadaye Mwalimu alivuka kwenda Mokowe kupanda basi la bara. Wenzake watatu walimsindikiza katika kayaki zao kando ya mashua mpaka nusu ya njia, wakamnyoshea makafi juu. Masanduku yake yalikuwa ya vitabu, ila juu kabisa alifunga kofia ya ukili aliyonunua sokoni Lamu.

Atakaye kuizunguka Manda ataweza, kwa kuwa si jambo la mashujaa. Achague siku ya bamvua isiyo na kusi wala kaskazi kali. Amchukue mwenyeji aijuaye miamba. Aache habari ya safari yake pwani. Achukue maji ya kutosha, naye ayanywe. Asisahau kwamba kutoka Ras Kitau mpaka Manda Toto hapana pa kushuka wakati wa maji kupwa. Na atakapoulizwa kama amechoka, ajibu kweli, hata kama safari ni yake na walioandamana naye wamekuja kwa ajili yake. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kayaki, aliye karibu naye huumbuliwa pamoja naye.